Mwenye miungu 40, usiongeze wa 41: yaliyonikuta na jedwali kama lako

Mkuu, simama hapo hapo. Usiguse hilo jedwali.

Umeandika kwamba kwa mchezo wako wa kuigiza mezani, ule ambao mmoja anasimulia ulimwengu, wengine wanaigiza wahusika wao na dadu zinaamua yenye utata, una miungu 40, wa Wagiriki, wa Waskandinavia na wa Misri, kila mmoja na jina lake, eneo analotawala, silaha, alama na rangi. Sasa unauliza mambo manne: uongeze wa Kijapani au hawa wanatosha, uanze na ramani au na historia, utumie kanuni gani za dadu, na wachezaji waambiwe kiasi gani kabla ya kikao cha kwanza. Nilipofika kwenye neno "rangi" niliweka simu chini nikazunguka chumba. Hilo jedwali nalijua. Nimelizaa mwenyewe na kulilea miezi minane.

Langu lilikuwa na miungu 63 kutoka visasili vya mataifa 11. Kurasa 214, nilizihesabu siku ya kuzizika. Nilikuwa na mungu wa dhoruba ya nchi kavu, mungu wa dhoruba ya baharini, na mtoto wao wa kambo aliyeshughulikia mvua ya mawe tu. Nikamlipa mchoraji anichoree picha 22, kwa fedha niliyokuwa nimeiweka ya kununua kompyuta nyingine. Kwa hiyo zile kurasa nilizimalizia kwenye mashine ambayo herufi "m" haiingii mpaka uibonyeze kwa kidole gumba na dua juu yake. Andika neno "mungu" mara elfu mbili kwa kibodi ya namna hiyo, halafu njoo unisimulie mateso ya Prometheus, yule wa Wagiriki anayeliwa ini na tai.

Kikao cha kwanza kikafika. Wachezaji watano wamekaa, mimi nina faili nene kama tofali. Mhusika wa mmoja wao alikuwa mtoto wa mhunzi, nami nikafungua kwa tukio zito: mnarudi kijijini baada ya miaka mitatu, mnakuta mhunzi amefariki usiku huo. Yule mchezaji, mtu mpole, wala hakuwa ananitega, akauliza: "Kwetu tunazika au tunachoma? Nani anaosha maiti? Mimi mwanawe naruhusiwa kumgusa?"

Kimya.

Mkuu, nilikuwa na miungu sita wa kifo. Sita! Hades, Anubis, Hel, Ereshkigal, Yama na Mictlantecuhtli, kila mmoja na picha yake ya kulipia, na hakuna hata mmoja aliyejua maiti inapelekwa wapi. Nikapekua faili mbele za watu. Ukurasa wa 88 ukaniambia kwamba rangi ya Hel ni kijivu. Nikajibu, "Mnamzika... kwa heshima." Akauliza, "Heshima gani?" Nikasema basi turushe dadu.

Turushe dadu. Mazishi ya baba wa mtu.

Hakuna aliyegomba, na ndilo lililoniumiza. Walinionea huruma, wakaendelea. Kufikia kikao cha tatu miungu wangu walikuwa wanaitwa "yule wa bluu" na "yule mwenye shoka", na kazi yao ilikuwa kutajwa mtu anapotaka kuponya jeraha. Kikao cha sita walikuja wawili. Cha saba nilikuja mimi na zile picha 22, na tuliongea vizuri tu.

Aliyenipoteza ni mmoja wa hawa walimu wa video, wale wenye rafu ya vitabu nyuma iliyopangwa kwa rangi za majalada. Simtaji. Ila kama nawe una safu inayoitwa "eneo analotawala", basi tumekula chungu kimoja. Maneno yake yalikuwa: jaza safu saba kwa kila mungu, ulimwengu utajijenga wenyewe. Nimeusubiri, haujajijenga. Baadaye nikaja kujua kwamba bwana huyu hajawahi kuendesha mchezo hata kikao kimoja katika ulimwengu huo anaoutolea mifano. Anauza fomu za kujaza. Mganga ambaye dawa yake haijawahi kupita kooni mwake, na mimi nimekunywa debe.

Tuone jedwali linavyodanganya. Linasema: Odin, vita na hekima, mkuki, kijivu. Sawa. Lakini sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu Odin na miungu wenzake wa Waskandinavia iliandikwa Iceland mnamo mwaka 1220 na Snorri Sturluson, Mkristo, miaka kama 200 baada ya kisiwa kuacha dini ya zamani, na alikusudia washairi wasipoteze maana ya mafumbo ya mababu zao. Hata huyo Mkristo amebakiza kitu ambacho hakiingii kwenye safu yako yoyote. Anasema siku za mwisho itang'oa nanga meli iitwayo Naglfar, na meli hiyo imeundwa kwa kucha za wafu. Kwa hiyo mtu asifariki akiwa na kucha ndefu, maana kila ukucha usiokatwa unaongeza mali ya kuiundia meli hiyo.

Soma tena hapo. Kinachoichelewesha kiama ni bibi mmoja chumbani kwa marehemu, ana mkasi. Bibi huyo hana silaha wala alama, na nadhani hata rangi hana. Lakini wachezaji wako wakimkuta akikata kucha za maiti huku akitetemeka asisahau kidole, watakuwa wameshajua dunia hii inaogopa nini kabla hujafungua mdomo.

Kanuni yangu basi, na nina risiti ya mchoraji kuthibitisha nimeilipia: usimpe mungu jina kabla hujajua mtu wa kawaida, asiye shujaa, anafanya nini kwa mikono yake kwa sababu ya mungu huyo, na asipofanya kinamfika nini. Tendo litangulie. Jina litakuja likitaka.

Ukianza kusoma visasili kwa jicho hilo, vitu unavyovijua vinageuka. Prometheus kila mtu anamkumbuka kwa moto na yule tai anayekula ini. Hesiod, mshairi wa kale wa Kigiriki, anasimulia kilichotangulia: pale Mecone waligawana ng'ombe, Prometheus akaficha mifupa ndani ya mafuta meupe yanayovutia, na nyama nzuri akaifunika kwa tumbo la ng'ombe. Zeus, mkuu wa miungu, akachukua mafuta. Tangu hapo wanadamu wanawachomea miungu mifupa na nyama wanakula wenyewe. Maana yake kila sadaka, kila karamu, Mgiriki alikuwa anatafuna ushahidi wa wizi mbele ya aliyeibiwa. Hapo una mchezo wa mwaka mzima, na hujagusa moto bado.

Au Waazteki. Kila baada ya miaka 52 walizima moto wote nchini, wakavunja vyombo, wakangoja kuona kama nyota zitavuka katikati ya anga au dunia imekwisha. Watoto hawakuachwa walale wasije wakageuka panya. Nyota zikivuka, moto mpya unawashwa juu ya kifua cha mateka na kusambazwa nyumba kwa nyumba. Mara ya mwisho ilikuwa 1507. Sasa wachezaji wako wafike mjini usiku huo, wamelowa mvua, wanaomba mahali pa kukausha nguo. Au Misri: maiti aliwekewa kifuani mbawakawa wa jiwe aliyechongwa maneno ya kuusihi moyo wa marehemu mwenyewe usimtolee ushahidi mbele ya mizani ya hukumu ya wafu. Mtu anahonga moyo wake! Mimi nilikuwa nimeandika "Anubis: kifo, mbweha, nyeusi" nikaenda kulala nimeridhika.

Fumo Liongo unamjua. Kila mtu anakumbuka sindano ya shaba na kitovu, na jedwali lingeandika "nguvu nyingi, udhaifu: kitovu". Mimi siku hizi nakumbuka kisima. Alipochomwa alikwenda kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa vile vile. Watu wakaja na vyombo vyao, wakamwona, wakakimbia wakidhani yu hai. Shujaa amekwisha kufa na mji mzima una kiu. Ukitaka kujua kisasili kinakaa wapi, kaa karibu na ndoo.

Basi baada ya kuzika kurasa 214 nilikaa kama mwaka sitaki kusikia neno dadu. Nikarudi na sentensi moja tu, niliyoitoa kwenye kile kisa cha kucha lakini bila kuinakili: maiti lazima anyolewe na nywele zake zichomwe kabla jua halijazama, kwa kuwa chini ya dunia kuna kitu kinasuka kamba kwa nywele za wafu, ili kiweze kupanda juu.

Hiyo tu. Sikuwa na mungu hata mmoja.

Yaliyofuata sikuyatunga, yalinifuata. Kinyozi akawa kuhani, bila shaka. Kila kijiji kikawa na moto wa pili ambao haupikiwi. Wasafiri wa mbali wananyoa kabisa kabla ya kuondoka, maana hawajui watakufia wapi, kwa hiyo ukikutana na kipara njiani unajua hana mtu. Mwenye nywele ndefu anajitapa: nina watu wa kuninyoa. Muuaji anayeficha maiti anachukiwa kuliko muuaji wa hadharani. Wachezaji waliyapokea haya ndani ya nusu saa, bila kusoma ukurasa wowote, kwa sababu kila aliyeunda mhusika ilibidi ajibu swali moja: una nywele au huna?

Halafu kikao cha nne. Wakafika kwenye kivuko ambako majeshi mawili yamemalizana asubuhi. Wafu kama mia tatu, jua limebaki saa mbili, na wao wana nyembe nne. Nilikuwa nimepanga wapite haraka, kulikuwa na ngome mbele ambayo niliichora siku mbili. Hawakupita. Walikaa pale kikao kizima wanagawana safu za maiti, wanabishana waanze na wa upande gani, na mmoja, aliyekuwa ameapa kikao cha kwanza kumuua jemadari fulani, akamkuta kalala kwenye matope. Akainua wembe. Akamnyoa taratibu, kichwa kizima, hakusema neno. Mezani hakuna aliyegusa dadu zaidi ya saa nzima. Ngome yangu hadi leo haijafikiwa, nayo sijali. (Najali kidogo. Ilikuwa na daraja la kuinua.)

Kile kitu cha chini kilipata jina kikao cha tisa, na si mimi niliyekipa. Mchezaji mmoja alisema tu "Msusi ataamka" na wote wakanyamaza. Msusi. Kwenye faili yangu ya zamani angeitwa jina la silabi sita lenye koma juu. Rangi yake siijui mpaka kesho.

Na usifikiri huu ni ugonjwa wa wachanga peke yetu. Mwaka 1980 Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa aina hii yetu, walitoa kitabu kizima cha miungu, humo Zeus ana pointi 400 za uhai (zikiisha, amekufa), na ukishampa mungu pointi za uhai umeshawaambia wachezaji wamfanye nini. Lakini miaka miwili nyuma, 1978, mchezo mwingine, RuneQuest, walikuwa wameshaonyesha njia nyingine: mhusika anajiunga na ibada ya mungu fulani, anapata uwezo, na anabeba wajibu na miiko inayokwenda nao. Ningeanza kusoma kule ningekuwa na kompyuta mpya leo.

Kuhusu wa Kijapani: hapana. Si kwamba ni wabaya. Huna pa kuwaweka, hao 40 wenyewe hawana pa kukaa. Tena kami, yaani hao miungu wa Kijapani, wana waumini leo, hekalu lao la Ise linajengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho 2013. Vivyo hivyo orisha wa Wayoruba na miungu wa Wahindu. Mungu ambaye kuna mtu amemwomba asubuhi ya leo usimfanye jitu la kuuawa kwa dhahabu. Chukua swali wanalolijibu watu wake, acha jina kwa wenyewe. Kanuni ile ile, ona.

Dadu: zozote ulizonazo. Ramani na historia zisubiri kwanza.

Fanya hivi leo, kabla hujalala. Umesema wa kwanza kwenye orodha yako ni mungu wa radi, nyundo, njano. Funika safu zote. Warumi wa kale, radi ikipiga ardhi, mahali pale palizungushiwa ukuta na hapakukanyagwa tena. Sasa katika ulimwengu wako radi imepiga ghala la mjane mmoja, nusu ya nafaka imeungua na nusu imebaki, na ana watoto watatu. Nafaka iliyobaki inaliwa au hailiwi? Nani ana haki ya kuamua, na anataka nini ili aamue? Niandikie jibu hapa chini. Ukileta jina la mungu kabla ya jibu la mjane, sikujibu.