Kabla ya Kwenda Kumtafuta Kipozamataza wa Engikaret

Kipozamataza wa Beesley, ndege mdogo wa nyasini, haonekani popote duniani isipokuwa katika nyanda za nyasi fupi zilizo kaskazini mwa Arusha, kando ya barabara ya Namanga, sehemu za Engikaret, ukishapita Oldonyo Sambu. Wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1966, na jamaa zake wa karibu wanaishi mbali sana, huko Namibia, Botswana na Afrika Kusini. Nimekwenda kumtafuta mara mbili, na ushauri wangu unatokana zaidi na safari ya kwanza, ambayo niliiharibu mwenyewe.

Siku ile niliondoka mjini saa mbili asubuhi. Tulipofika Engikaret jua lilikuwa limeshakuwa kali, upepo unatimua vumbi, na joto linachezacheza juu ya ardhi kiasi kwamba darubini haikunifaa kitu. Kijana wa Kimaasai aliyetuongoza alimwona ndege mmoja, nami nikamkimbilia ili nimpige picha. "Kaka, usimfuate," aliniambia. "Simama, atakuja mwenyewe." Sikusimama, na ndege akaruka akapotea.

Mara ya pili tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, tukaacha gari barabarani, tukatembea taratibu nyuma ya kijana yuleyule, ambaye amechunga mbuzi katika nyanda hizo tangu utotoni na hutambua ndege kwa jinsi anavyotembea kabla hata hajaona rangi yake. Alipotuashiria kwa fimbo tulisimama kimya karibu robo saa. Wakatokea wawili, wamesimama wima kama watu wanaochungulia, mkia mfupi wenye ncha nyeupe, mdomo mrefu uliopinda kidogo. Mmoja alikuja akidonoa pembeni ya kinyesi cha ng'ombe, hatua kumi hivi kutoka miguuni pangu, nikauona hata ukucha wake mrefu wa nyuma.

Basi wahi alfajiri, na mwendo mwachie mwenyeji. Vaa viatu vigumu, kwa sababu miiba ya migunga hutoboa soli nyembamba, na beba sweta pamoja na maji ya kutosha. Malipo yapatanwe kabla ya kuanza kutembea, kisha umkabidhi mwongozaji mkononi. Kumjua ndege huyu ni kazi kama kazi nyingine. La muhimu kuliko yote, usikubali dereva aingize gari nyandani hata kama umechoka, maana kipozamataza hutaga chini, kwenye kishimo pembeni ya kichaka cha nyasi, mahali ambapo aliye nyuma ya usukani hawezi kupaona.