Maswali ya hospisi: mgonjwa mwenyewe anasemaje?

Barua nyingi zilizonifikia safari hii ni za watu wanaotunza mgonjwa ambaye daktari amesema ugonjwa wake hauponi tena. Zimeandikwa na mabinti, wakwe na wajukuu wanaokesha kitandani na kuuza kuku wapate nauli ya kliniki. Nawaheshimu sana. Hata hivyo, nimesoma barua baada ya barua bila kuona mgonjwa mwenyewe anataka nini, na hilo nitalirudia hapa bila kuchoka.

Sista, mama ana saratani ya umio. Daktari ametuandikia barua twende hospisi. Kaka zangu wamekataa, wanasema huko mtu hupelekwa akafe. Ni kweli akiingia hatoki? (Binti, Ahero)

Dada yangu, hospisi nyingi za Kenya hata vitanda hazina. Mgonjwa huenda mchana, huonwa, hupewa dawa na ushauri, kisha hurudi kwake. Akizidiwa asiweze kusafiri, wauguzi humtembelea nyumbani pale inapowezekana. Iliyo karibu nanyi ni Kisumu Hospice, katika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi bado huiita Russia. Nakuru na Eldoret nako zipo. Zenye vitanda ni chache. Kimbilio kule Kipkaren ni mojawapo.

Huduma yenyewe huitwa tiba shufaa. Inashughulikia maumivu, kutapika, kukosa pumzi, vidonda, na hofu, ya mgonjwa na yenu pia. Haimzuii mama kuendelea na mionzi au dawa za saratani. Na kwa kuwa ni umio, muulizeni daktari kama anafaa kuwekewa mrija wa kupanua njia ya chakula. Hospitali ya Tenwek, Bomet, imeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mrija hauondoi saratani, lakini mtu aliyeshindwa kumeza hata mate anaweza kunywa uji tena.

Nawaelewa kaka zako. Tangu Nairobi Hospice ilipoanzishwa mwaka 1990, sifa hiyo ya kupeleka watu wakafe haijakwisha, na tunaoilisha ni sisi tunaompeleka mgonjwa amebakiza siku mbili. Mpelekeni sasa, angali anatembea. Na kabla kikao cha familia hakijakata shauri, mama aulizwe.

Baba alipewa mofini ya maji. Shangazi ameimwaga, anasema ni dawa ya mateja na itammaliza haraka. Sasa baba analia usiku kucha. Nifanye nini? (Njoro)

Rudi ulikoandikiwa, leo, ueleze kilichotokea. Hapo Nakuru Hospice wataelewa. Kisa hiki hawakisikii kwa mara ya kwanza.

Mofini inayotolewa kwa kipimo alichoandikiwa haimuui mgonjwa. Mara nyingi huanzishwa kwa kuchelewa, mgonjwa anafariki kwa ugonjwa wake, na lawama inabebwa na chupa. Wala mtu anayeinywa kwa maumivu makali chini ya uangalizi hageuki teja. Ni nadra mno. Mwili huizoea, ndiyo, na kwa hiyo haikatwi ghafla kama ilivyokatwa kwa baba.

Mofini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa 4. Kwa hiyo hutolewa kwa saa, hata kama kwa wakati huo haumwi: tuseme saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na saa 4 usiku. Kipimo cha kulalia mara nyingi huandikwa maradufu ili apitishe usiku bila kuamshwa, lakini fuata karatasi ya baba, si hii safu yangu. Ukingoja mpaka alie ndipo umpe, maumivu yatakuwa yamekutangulia kila mara. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, usikadirie kwa kijiko cha chai. Andika kila kipimo kwenye daftari. Maumivu yakimshinda katikati, muuguzi atakueleza kipimo cha ziada, usiongeze mwenyewe.

Siku za mwanzo atasinzia na pengine kuhisi kichefuchefu, kisha hupungua. Choo kigumu ndicho hakiondoki, kwa hiyo dai dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Akilala usingizi ambao hamwezi kumwamsha, au akipumua polepole mno, usimpe kipimo kinachofuata. Piga simu au mpeleke hospitali. Na chupa ikae mahali pa kufungwa, mbali na watoto.

Ajuaye anaumwa kiasi gani ni baba peke yake. Mwonyeshe mkono: ngumi iliyofumbwa ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Akikuonyesha vinne, shangazi awepo akivihesabu.

Hospisi ni ya saratani tu? Mume wangu figo zimeshindwa. (Kakamega)

Hapana. Figo, moyo, kiharusi, Ukimwi, hata mtoto mwenye seli mundu anayesumbuliwa na maumivu. Ila wakumbushe kuhusu hizo figo kabla hawajaandika mofini, kwa sababu figo zikishindwa, dawa hiyo hukaa mwilini kwa muda mrefu zaidi.

Kidonda cha dada yangu kwenye titi kinanuka. Majirani hawaji tena, na yeye anajifunika blanketi hata mchana. (Kondele)

Hilo lina dawa rahisi. Kisafishwe kila siku kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, yakapoa. Kisha muulize muuguzi kuhusu vidonge vya metronidazole vinavyosagwa na unga wake kunyunyizwa juu ya kidonda. Harufu hupungua sana. Bandeji ikiganda, iloweshe kwanza, usiivute. Halafu keti karibu naye. Anaiona miguu inayosita mlangoni.

Tumemwambia mzee ni vidonda vya tumbo, lakini ni saratani ya ini. Tunaogopa akijua atakata tamaa. (Mkwe, Mumias)

Mzee anaona mwili wake unavyokonda. Anasikia mnong'ono ukikatika akiingia sebuleni. Yumkini anajua, na ananyamaza kuwalinda ninyi.

Sisemi mumtupie habari yote kwa pigo moja. Mtu anayemwamini akae naye faraghani amuulize: "Baba, wewe unauonaje ugonjwa huu? Ungependa daktari akueleze kila kitu, au aongee nasi?" Kisha anyamaze asikilize. Wapo watakaosema "ongeeni na mwanangu," na hilo ni jibu halali. Wengine watataka kujua, kwa sababu kuna shamba la kugawa, deni la ng'ombe, kijana wasiyeelewana naye. Mkimnyima habari mnamnyima na nafasi ya kuyatengeneza hayo, na makaburini ndipo ndugu watakapogombana. Muuguzi wa hospisi anaweza kuketi nanyi siku hiyo. Mwombeni.

Nyanya amekataa chakula. Wajomba wanataka awekewe dripu. (Molo)

Kwanza aangaliwe mdomo kama una utando mweupe, tumbo kama limefunga choo. Hayo hutibika na hamu ikarudi. Kama ni mwili unaofunga kazi, kumlazimisha kutampalia, na dripu inaweza kumjaza maji mapafuni. Mpe kijiko akitaka, mlowanishe midomo kwa kitambaa safi, mgeuze kila baada ya saa 2. Hafi kwa sababu hali. Hali kwa sababu anakufa. Wajomba waambiwe hivyo na muuguzi, wasije wakakulaumu wewe.

Mimi ndiye mgonjwa. Nataka kufia nyumbani kwangu. Watoto wangu wa Nairobi wanataka nibaki wodini. (Mama, Bondo)

Mama, asante kwa kuandika. Unachotaka kinawezekana, na una haki ya kukitaka. Watoto wako pengine wanaogopa kuonekana wamekutelekeza, kwa hiyo waambie kwa kinywa chako, wote wakiwa pamoja, na muuguzi akiwepo. Taja nani atakulaza na kukuosha, nani atampokea akichoka, na nani atasema kwa niaba yako siku usipoweza kusema. Wawe na namba ya muuguzi ya kupigia usiku. Wajue pia kwamba kifo cha nyumbani huripotiwa kwa naibu wa chifu, ambaye hutoa kibali cha mazishi, wasihangaike siku hiyo. Na wasipande basi kurudi Nairobi kabla hawajakubaliana nani atafuata mofini chupa ikifika robo.