Mwisho wa siku, changamoto, mimi kama mimi: maneno yanayotuchosha

Toleo lililopita niliwaomba wasomaji mniandikie maneno ya kila siku yanayowakera, nikajua zitakuja barua mbili tatu, kumbe watu wamebeba mengi moyoni. Nimechagua nne.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nafanya kazi ofisini hapa Morogoro, kila Jumatatu tuna kikao na bosi wetu akianza tu kuongea mi nakunja ngumi chini ya meza. "Mimi kama mimi, kiukweli, mwisho wa siku tunakwenda kuboresha suala zima la huduma kwa mteja japokuwa changamoto ni nyingi." Saa nzima hivyo hivyo. Nikitoka mtu akiniuliza mmekubaliana nini nakosa cha kumjibu. Hivi mimi ndo nna tatizo au haya maneno kweli yanaudhi?
Aliyechoka, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Huna tatizo lolote, hayo maneno yanaudhi na mimi yananiudhi miaka mingi sasa.

Hiyo "mwisho wa siku" imetolewa kwenye Kiingereza ikawekwa kwetu kama ilivyo bila kuuliza kama inakaa. Kwetu siku ikiisha jua limezama, watu wanafunga maduka wanarudi makwao, hamna zaidi ya hapo. Tunayo hatimaye, tunayo mwishowe, tunayo mwisho wa yote, yamekaa tu hayatumiki. "Mimi kama mimi" ndo kabisa, ukisema "mimi naona" tayari tumeshakuelewa ni wewe. Na "suala zima la" jaribu siku moja kuitoa kwenye sentensi yoyote ya bosi wako uone kama kuna kitu kimepungua, huduma kwa mteja inabaki huduma kwa mteja. Alafu wengi wanaiandika "swala zima", sasa swala si ndo wale wanyama wenu wa hapo Mikumi wanaokimbia pembeni ya barabara, huyo mzima ni yupi.

"Tunakwenda kuboresha" iangalie vizuri maana inafanya kazi ya siri. Mtu akikwambia "tutaboresha" unaweza kumuuliza lini. Akikwambia "tunakwenda kuboresha" unajiona kama safari imeshaanza, mko njiani, kuuliza lini inaonekana una haraka zako. Kumbe hamna aliyenyanyua mguu.

Ila linaloniuma mimi zaidi ni changamoto. Lilikuwa neno zuri sana, jambo gumu linalokuchochea ujipime nguvu zako, kama mwanafunzi kupewa hesabu ngumu akakesha nayo. Leo kila kitu kibaya ni changamoto. Maji yamekatika, changamoto. Mtu kala hela za kikundi, changamoto. Daraja limebomoka, dawa hazipo, dereva kalewa, zote changamoto, na Kiswahili kilivyotajiri, tuna kero, kasoro, hitilafu, upungufu, kikwazo, hasara, uzembe, wizi, kila moja na maana yake. Ukisema uzembe lazima kuna mzembe, ukisema wizi kuna mwizi. Changamoto haina mwenyewe, imeshuka tu yenyewe kama mvua.

Mwaka jana nilikuwa nafuatilia cheti cha marehemu mama kwenye ofisi moja. Nilipoenda mara ya kwanza nikaambiwa kuna changamoto ya mtandao. Mara ya pili changamoto ya mafaili. Mara ya tatu kijana wa dirishani ananiambia "mama kiukweli kuna changamoto za kibinadamu", na mimi nauli kwenda na kurudi nimelipa mara tatu, miguu imevimba, nimekaa kwenye benchi toka saa mbili asubuhi. Ndo akainuka mama mmoja mtu mzima kule nyuma akaja akaniambia, "Dada yangu, faili lako tumelipoteza. Tusamehe. Lete nakala tuanze upya leo hii." Nilitokwa na machozi pale pale. Alichosema kilikuwa kibaya kuliko vyote nilivyoambiwa lakini ndo cha kwanza kilichokuwa na maana, kwa sababu nilijua sasa nifanye nini, na wiki ile ile cheti nikakipata.

Kwahiyo mwanangu wa Morogoro usimsahihishe bosi mbele za watu, utamvunjia heshima na hatakusikiliza tena. Omba wewe ndo uwe unaandika muhtasari wa kikao. Akisema changamoto, nyoosha mkono kwa adabu, "Bosi, samahani, niandike ipi, na nani anaishughulikia mpaka lini?" Mkifanya hivyo Jumatatu tatu nne ataanza kuja na majibu yake mkononi.

SWALI: Shikamoo Anti, mi kijana wa Mbagala. Mzee wangu hataki kusikia niaje, oya, kinoma wala mchongo ndani ya nyumba, anasema sisi vijana ndo tunaua Kiswahili. Ni kweli tunakiua?
Mtoto wa Mbagala

JIBU: Marahaba. Hapana, hamkiui. Mwambie mzee (kwa upole, akiwa ameshakula) kwamba daladala anayopanda kwenda Kariakoo nayo ilianza kama neno la mtaani, miaka ya 80 huko, ile sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala na makondakta wakawa wanaita abiria dala, dala! Leo limo kwenye matangazo ya nauli ya serikali. Bodaboda nalo lilizaliwa Busia pale mpakani mwa Kenya na Uganda, watu wa baiskeli wakivusha abiria toka boda mpaka boda. Na hiyo poa yenu imetoka kwenye kupoa, ni Kiswahili chetu wenyewe kimepewa kazi mpya. Mtaa unatunga neno kwa sababu kuna kitu unataka kusema, ndo maana mi simuweki kijana wa Mbagala kapu moja na bosi wa Morogoro.

Lakini ukiingia kwa mzee sema shikamoo. Niaje ni ya rika lako, na wala haikupunguzii kitu kuiacha mlangoni ukaikuta ukitoka.

SWALI: Habari yako Shangazi. Mimi ni Mkenya, nimetoka Nakuru nikakuja Arusha kikazi. Siku ya kwanza nikaingia hoteli nikasema "nipe chai na chapati mbili", dada akaninunia mbaya sana. Mwenzangu wa kazi akaniambia nimekosa adabu, ati nilifaa niseme naomba. Lakini naomba aje na nitalipa? Hiyo naomba naomba yenu inanikera, ni kama sisi wote ni maskini.
Mgeni wa Arusha

JIBU: Nzuri mdogo wangu, karibu Arusha. Hukumkosea mtu kwa makusudi. Huku kwetu naomba haina maana ya kuombaomba, ni namna ya kumwambia yule dada kwamba unamuona, kwamba amesimama toka alfajiri na wewe si bwana wake. Hela unalipia chai, naomba ni ya kwake yeye. Na hata nyinyi mnayo yenu, mara ngapi nimewasikia Wakenya wanasema "nisaidie na chumvi", "nisaidie na kalamu", si ndo naomba hiyo hiyo imevaa nguo nyingine? Ukiwa huku sema naomba, sisi tukija Nakuru tukiambiwa "nipe pesa" tusinune.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi sina hasira na maneno ya ofisini. Mi nachoka na "umenenepa, kuna habari njema?" na "mnatuletea lini mjukuu?" Kila msiba, kila harusi. Nimepoteza mimba mbili na hawajui. Natabasamu alafu nikifika nyumbani nalia. Niseme nini?
Dada wa Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, pole kwa yote mawili.

Wengi wanaouliza hivyo hawana ubaya, wamekosa la kusema baada ya salamu wakaokota hilo, ila kukosa ubaya hakupunguzi maumivu yako na huna deni la kumueleza mtu yeyote habari za tumbo lako. Akiuliza mjibu kwa utulivu, "Mama mdogo, likiwepo la kusema nitakwambia mwenyewe", alafu hapo hapo muulize yeye habari za magoti yake au watoto wake, atahamia huko. Na mtafute mtu mzima mmoja ndani ya ukoo unayemuamini, shangazi yako au bibi, umwambie ukweli wote, umuombe yeye ndo akawaambie wengine waache. Neno kama hilo likitoka kwa mkubwa wenzake wanalisikia, na wewe kwenye harusi inayofuata utakaa ule pilau yako bila kuangalia nani anakuja upande wako.