Shanga za rangi mbaya

SWALI: Shikamoo Bibi. Nafundisha darasa la sita hapa Bagamoyo. Wanafunzi wanasema watu wa kale walibadilishana mali kwa mali kwa kukosa akili. Niwaeleweshe vipi?
Mwalimu, Bagamoyo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya kueleza, wape vikaratasi: huyu ana samaki, yule muhogo, mwingine mkeka. Mwenye samaki anataka mkeka. Mwenye mkeka hataki samaki, anataka chumvi. Waache wahangaike. Nilipojaribu darasani kwangu, kijana mmoja alizunguka mpaka nikatangaza kuwa ni saa saba mchana na samaki wake wameoza. Alinuna, lakini hakuuliza tena kwa nini watu walihitaji fedha.

Kisha rudi kwenye mji wenu. Misafara iliyoondoka Bagamoyo kufuata pembe za ndovu ilibeba merikani (kitambaa cha pamba kutoka Marekani), shanga na nyaya za shaba. Kitambaa kilipimwa kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole: shuka ilikuwa mikono minne, doti minane. Waulize: mkono wa nani? Wapimishe kamba, mrefu na mfupi, waone faida inakojificha. (Doti tunayo hadi leo, kwenye khanga.)

Shanga nazo zilikuwa na matata. Kila nchi ilipenda rangi yake, na aliyefika bara na rangi isiyotakiwa alikuwa amebeba mzigo tu. Hapo wakupe jibu wenyewe: hao wateja walikosa akili, au walijua wanachotaka?

Kauri, yale makombe madogo ya baharini, usizisahau. Pwani mnaziokota bure. Bara zilinunua chakula.