Phil Ochs na sauti iliyoumizwa Dar

Ndugu uliyeuliza kama kweli kuna mwimbaji wa Marekani aliyepotezea sauti yake Dar es Salaam: ni kweli, anaitwa Phil Ochs. Alizaliwa El Paso, Texas, mwaka 1940, akavuma New York miaka ya 60 kwa gitaa na nyimbo za kupinga vita vya Vietnam.

Mwaka 1973 alikuja Afrika Mashariki. Akiwa ufukweni Dar usiku, majambazi walimvamia na kumkaba koo hadi akapoteza fahamu. Nyuzi za sauti ziliumia, na zile noti za juu hazikumrudia tena. Mwimbaji kukabwa koo! Kila nikiwaza hilo roho inaniuma, tena ni kwetu.

Safari hiyohiyo aliingia studio Nairobi na bendi ya rumba akarekodi santuri ndogo: upande mmoja Kilingala, mwingine Kiswahili, "Niko Mchumba Ngombe". Sarufi ya kichwa hicho haijanyooka, lakini ni nani mwingine katika wenzake wa New York aliyejaribu lugha yetu wakati ule?

Usidhani Dar pekee ndiyo iliyommaliza. Alikuwa na ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka, baba yake pia alikuwa nao, na pombe ilizidisha. Mwaka 1975 alijiita jina jingine kabisa, John Train, akidai Ochs amekufa. Aprili 1976 alijiua nyumbani kwa dada yake. Alikuwa na miaka 35 tu.