Jibu: Jina la kompyuta linagongana nikiingia kwa VPN

Mkuu, umesema kompyuta yako ya Windows ofisini inakubali, ila ukiingia kwa VPN (njia salama ya kufikia mtandao wa ofisi kupitia intaneti) toka nyumbani unaambiwa jina lake lipo tayari kwenye mtandao; kama ni hivyo, nenosiri halihusiki kabisa. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika nbtstat -n ili ikuorodheshee majina ya mashine yako, halafu tazama jina lililoandikiwa Conflict (mgongano).

Ninachoshuku zaidi ni hayo majina ya kompyuta uliyoyataja, UHASIBU-DODOMA-01 na yako UHASIBU-DODOMA-02. NetBIOS, mfumo wa kutambulisha kompyuta kwa majina kwenye mtandao, inachukua herufi 15 za mwanzo tu, alama zikiwemo. Kwa hiyo zote mbili zinaonekana UHASIBU-DODOMA-, lazima zigombane! Fupisha yako iwe UHA-DOM-02, kisha uwashe upya. Ila kama mashine imo kwenye domeni (kundi la kompyuta za ofisi zinazosimamiwa kwa pamoja), tafadhali usiguse jina mwenyewe, mwombe msimamizi wa mtandao alibadilishe.