Mwanga ukikatika, usikimbilie kuulaumu umande

Juzi kijana mmoja wa Tanga, fundi wa vifaa vya usalama kwenye ghala la gesi ya mitungi, aliniandikia: "Kaka, yale macho ya gesi ya pale uzioni yanatoa hitilafu kila siku. Msimamizi anasema tuyafungie mpaka mtaalamu aje. Wewe ungefanyaje?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Mimi niliwahi kuyafungia, yaani kuyazuia kwenye kompyuta yasipige kengele, ndugu yangu, na barua ya onyo ninayo mpaka leo.

Kwa asiyeyajua: macho ya gesi ni vifaa vya kugundua gesi inayovuja, na haya si yale makopo madogo yanayoning'inizwa juu ya pampu, ambayo gesi lazima iyafikie ndipo yalie. Haya ni mawili mawili. Moja linatuma mwanga wa infraredi, lingine liko mbali huko, limekaa linautazama. Yetu yalikuwa umbali wa mita 60, kati ya matangi na sehemu ya kupakilia malori. Yapo yanayofika mita 200. Wingu la gesi likipita katikati, linameza sehemu ya mwanga. Propeni na biuteni, ambazo ndizo gesi ya mitungi, hufyonza mawimbi fulani tu, yaliyo karibu na mikromita 2.3 au 3.3 kutegemea mtengenezaji, na kuliacha wimbi jingine la jirani lipite. Kifaa kinalinganisha hayo mawili. Mvua, vumbi na chumvi ya bahari kwenye kioo huyafifisha yote kwa pamoja, kwa hiyo kifaa hakidanganyiki kirahisi. Mwanga ukififia mno, hakisemi "gesi". Kinasema "sioni."

Tofauti hiyo ndiyo iliyoniponza. "Sioni" mimi niliisoma kama "hakuna kitu."

Ilianza mwezi wa nne, masika. Kila jioni kama saa kumi na mbili, kwenye chumba cha kontroo hitilafu inawaka. Ikifika asubuhi saa kumi na mbili, imejizima yenyewe. Nikaangalia kitabu cha mtengenezaji, nikaona neno unyevu, nikafurahi. Umande! Nikasafisha kioo kwa kitambaa laini. Nikakagua kipasha joto cha kioo, kilikuwa kizima. Nikasafisha tena. Wiki tatu nilikuwa nawaeleza wenzangu habari za umande kwa sauti ya mtu aliyekwenda kozi Dubai. Nilikwenda kweli, siku tano.

Kengele zikawachosha watu wa zamu. Bosi akaniambia kwa mdomo, si kwa maandishi, "Ifungie usiku, tutaona." Nikaifungia. Sikuandika kwenye daftari la zamu, sikuomba sahihi yake.

Usiku wa nne, kiungo cha hosi ya kupakilia kikaachia. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, haipandi, inatambaa chini kama maji. Na haihitaji kuwa nyingi: propeni inaanza kuweza kuwaka ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa. Jicho lilikuwa palepale, limefungiwa. Aliyeigundua ni mlinzi wetu wa usiku, mzee wa makamo, kwa pua. Alikimbia akapiga king'ora kwa mkono, dereva akazima injini, vali ikafungwa. Hakuna aliyeumia. Mpaka leo nikisikia harufu ile jikoni kwangu, mikono inatoka jasho.

Kwenye kikao bosi alisema hakumbuki kuniagiza lolote. Sitaki kurudi huko, ila naomba mjue kwamba niliumia.

Sasa sikiliza chanzo chenyewe. Siku tatu baada ya kikao nilikwenda pale nguzoni saa kumi na moja na nusu jioni, nikakaa kwenye ndoo. Saa kumi na mbili kasoro, yule mzee akaingia zamu na baiskeli yake. Akaiegemeza kwenye nguzo ya kipokezi, akaifunga kwa mnyororo, akaukaza. Nguzo yenyewe ilikuwa bomba jembamba, bolti moja ya chini imelegea. Ikapinda kidogo sana, kwa macho huoni. Lakini kwa umbali wa mita 60, digrii moja tu ni zaidi ya mita 1 pembeni. Redio ikaniita: "Fundi, hitilafu imerudi."

Baiskeli! Na mwenye baiskeli ndiye aliyetuokoa. Nilitaka kumwambia, nikashindwa hata pa kuanzia.

Kwa hiyo, kijana wangu, ushauri. Tembea njia nzima ya mwanga, mwanzo hadi mwisho, kwa miguu. Angalia majani, lori lililoegeshwa, ngazi iliyosahauliwa, kiunzi cha wapaka rangi. Nenda saa ileile ambayo hitilafu hutokea, si saa inayokufaa wewe. Shika nguzo uitikise. Halafu tembea tena.

Ukijaribu kifaa usizibe kwa kiganja ukasema kinafanya kazi. Kiganja kinakupa "sioni" tu. Tumia kile kipande cha plastiki cha majaribio alichotoa mtengenezaji, kinachofyonza kama gesi, uone kipimo kinapanda. Na ujue kipimo chenyewe kinasemaje: wingu la mita 1 lililofikia kiwango cha kuwaka, na wingu la mita 10 lenye sehemu moja ya kumi ya kiwango hicho, yote yatakuonyesha 1. Hakikuambii gesi iko wapi. Usiwaruhusu wakaondoa yale makopo madogo eti macho yapo.

Nanyi vijana mnaopenda kubofya kompyuta kabla ya kuchafua viatu, nawaambia kwa uchungu: fundi hakai kwenye kiti. Bosi akitaka kufungia kifaa cha usalama, aandike, asaini, aweke saa ya kukifungua, na mtu asimame pale na kipimo cha mkononi usiku kucha. Akikataa kuandika, nawe kataa kubofya. Mimi sikukataa.

Nguzo tuliibadilisha, tukaweka nene yenye msingi wa zege. Mzee nilimchomelea chuma cha kufungia baiskeli kando ya kibanda chake. Aliniuliza kwa nini namjali hivyo.

Basi kesho nenda saa hiyohiyo, beba ndoo ya kukalia, uniandikie ulichokiona.